Wafuasi Elfu Tano, Wadhamini Hata Watatu Hakuna

Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira hadi chini kabisa, kwenye yale masharti ya jumla ambayo wengi wetu tunayaruka. Utakuta sharti moja dogo: mwombaji aweke majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Watatu tu. Hapo ndipo finalisti mwenye wafuasi 5,000 Instagram anaanza kukuna kichwa. Wa kwanza anamweka mhadhiri ambaye yeye mwenyewe hakumbuki kama aliwahi kumfundisha. Wa pili mjomba. Wa tatu anamgeukia rumeti wake: "Niweke kwako, na mimi nakuweka kwangu."

Somo la toleo hili ni pengo hilo, kati ya watu wanaokufuata mtandaoni na watu wanaoweza kukusemea. Linatuhusu sisi tunaoelekea kutafuta kazi. Linawahusu pia wenzetu wanaosomea rasilimali watu na utawala, maana miaka michache ijayo watakuwa upande wa pili wa meza, wao ndio wa kutafuta watu. Makosa ya pande hizi mbili yanafanana kuliko tunavyodhani.

Nifoloo nikufoloo

Tuelewane kwanza. Kufuata kwa mkupuo ni ule mtindo wa kukaa jioni moja na bando lako, ukafoloo watu mia mbili usiowajua, ukitegemea nusu yao watarudisha, halafu wiki ijayo unawaondoa ambao hawakurudisha. Kwenye LinkedIn una sura yake: kila mwenye neno "HR" chini ya jina unamtumia ombi la kuunganishwa, bila salamu, bila sababu. Kwenye WhatsApp unajiunga magrupu kumi na tano ya ajira ambayo yote yanarusha tangazo lilelile, tena lililopitwa na tarehe.

Wenye mitandao wanaujua mchezo huu, ndiyo maana wameweka kuta. Instagram haikuruhusu kufuata zaidi ya akaunti 7,500. Facebook inakuishia kwenye marafiki 5,000. X nayo, ukifika 5,000, inaanza kukupimia unaowafuata kwa wanaokufuata. LinkedIn ndiyo yenye ukuta wa mbali, watu 30,000.

Sasa piga hesabu ya kawaida tu. Una watu 2,000, na kila mmoja unataka kumpa dakika moja kwa mwezi: usome alichoandika, umpe pole, umpongeze, umuulize swali. Hizo ni dakika 2,000, yaani saa 33 na dakika 20. Nani ana saa 33 katikati ya tesiti na UE? Ukiwa na watu 150, ni saa mbili na nusu. Ukiwa na watu 40, ni dakika 40, muda wa kusubiri chakula kafeteria siku yenye foleni.

Hiyo namba 150 sikuiokota njiani. Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, alianza kuandika miaka ya 1990 kwamba binadamu wa kawaida anaweza kushika uhusiano hai na watu wapatao 150, kwa kuwa ubongo una mipaka yake. Wapo wanasayansi wanaopinga namna alivyoipata namba yenyewe, na mabishano hayajaisha. Lakini hata ukiizidisha mara tatu, bado hujafika kwenye elfu mbili.

Niseme haki ya upande wa pili. Kama wewe ni msanii, au unauza nguo kwa oda, au unatafuta kazi ya kusimamia kurasa za kampuni mtandaoni, wafuasi wengi ni mtaji, na kwako hesabu yangu haina kazi. Mwenye duka anahitaji wapita njia. Mtafuta ajira anahitaji mtu atakayesimama na kusema neno juu yake, na wapita njia hawana la kusema.

"Huyu unamfahamu?"

Madhara ya kufuata kwa mkupuo hayapo kwenye bando lililopotea. Yapo kwenye swali moja.

LinkedIn, tangu ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2003, imejengwa juu ya daraja za umbali. Uliyeungana naye moja kwa moja ni wa daraja la kwanza. Rafiki wa rafiki ni wa daraja la pili. Mwajiri akifungua wasifu wako, anaoneshwa mnafahamiana na nani kwa pamoja. Chukulia ofisa rasilimali watu wa kampuni moja ya kusindika alizeti, anatafuta mhasibu msaidizi. Anakuona. Anaona kati yenu kuna mtu mmoja wa pamoja, dada aliyesoma naye zamani. Anachukua simu: "Mwenzangu, huyu kijana unamfahamu?"

Majibu yanayowezekana ni matatu. La kwanza: "Namfahamu, alikuwa field ofisini kwetu, daftari zake hazikuwa na makosa na alikuwa anawahi." La pili: "Hapana, hayupo kwangu." La tatu: "Aah, aliniomba tu nikamkubali, hata simjui."

Hilo la tatu ni baya kuliko la pili. La pili linakuacha mgeni, na mgeni anaweza kupewa nafasi. La tatu linakuonesha kama mtu wa kukusanya majina. Ndiyo maana ninasema mtu wa pamoja asiyeweza kukusemea ni hasara, afadhali asingekuwepo. Unapotuma maombi mia mbili ya mkupuo, unajitengenezea mashahidi mia mbili wa jibu la tatu.

Umbali wa kati

Kuna watakaosema: basi turudi kwa watu wetu wa karibu, ndugu na marafiki. Hapana. Hapo utafiti unasema jambo ambalo wengi hawalitegemei.

Mwaka 1973, mwaka uleule uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipopitishwa, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu. Alikuwa amewahoji watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliobadili kazi siku si nyingi, wataalamu na mameneja. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, aliwauliza: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara. Asilimia 55.6 walisema mara mojamoja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Sababu yake ukiifikiria ni nyepesi. Rumeti wako anajua matangazo yaleyale unayoyajua wewe, maana mnasoma grupu moja na mnakula meza moja. Mtu wa mbali kidogo anaishi kwenye habari nyingine. Bosi wako wa zamani wa field amesikia kwamba kuna mradi unaanza Singida. Mwenzako aliyehitimu miaka mitatu iliyopita anajua mtu anaacha kazi mwezi ujao, na tangazo bado halijatoka.

Ila usikimbilie kusema "kumbe nilikuwa sahihi, niwafoloo wote wa mbali". Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa miaka mitano, ukihusisha watumiaji zaidi ya milioni 20. Waliobuni majaribio walikuwa wanabadilisha taratibu ni nani anapendekezwa kwa nani, kisha wakaangalia nani amepata kazi wapi. Matokeo: mahusiano dhaifu kweli yalisaidia kuliko yale ya karibu sana, lakini yaliyosaidia zaidi yalikuwa dhaifu kiasi, yenye watu kadhaa wa pamoja katikati. Yale dhaifu kupita kiasi, ya watu wasio na uzi wowote kati yao, yalishuka tena. Na kwenye sekta ambazo hazijaingia sana kwenye dijitali, mahusiano ya karibu ndiyo yaliyofanya kazi vizuri.

Kwa Kiswahili cha mtaani: asiye ndugu yako na asiye mgeni wako. Huyo wa kati. Kufuata kwa mkupuo kunakujazia wageni. Kukaa kwenye ghetto na washikaji wale wanne kila siku kunakujazia ndugu. Wa kati hawajazwi na chochote, mpaka uamue.

Na hilo la sekta lisikupite. Uchumi wa huku kwetu kanda ya kati bado ni wa mashamba, maduka, viwanda vidogo vya alizeti, zabibu, mifugo, halmashauri. Wenye kazi hizo wengi hawapo LinkedIn. Wapo kwenye simu, kwenye msiba, kwenye Nanenane ya Nzuguni kila Agosti. Mtu anayesubiri mkulima wa zabibu wa Hombolo amwone mtandaoni atasubiri sana.

Neno lenyewe koneksheni

Hapa nataka nisimame kidogo, maana kuna jambo linatuuma. (Najua kwamba koneksheni siku hizi ina maana nyingine kule Telegram. Hiyo siyo mada.)

Ukimwambia mwanafunzi wa mwaka wa tatu ajenge mtandao, anakujibu: "Mtandao gani? Mimi mtoto wa mkulima Mpwapwa, sina mjomba wizarani." Uchungu huo ni wa haki. Mahusiano yanarithiwa. Mtoto wa mkurugenzi anazaliwa akiwa na watu wa daraja la kwanza ambao wewe hata daraja la tatu hawamo. Kukanusha hilo ni kumdanganya mtu.

Lakini tutenganishe vitu viwili. Kuna upendeleo: mtu anakupitisha mlango ambao hukustahili. Na kuna taarifa na ushuhuda: mtu anakwambia mlango upo, au anasema ukweli kuhusu kazi aliyoiona mikononi mwako. Granovetter alikuwa anapima zaidi hiki cha pili. Sisi tumevichanganya vyote kwenye neno moja, matokeo yake mwenye aibu ya kuomba upendeleo anaona aibu hata ya kuuliza taarifa.

Kwenye ajira za serikali mpaka huo umeandikwa. Sekretarieti ya Ajira ilianzishwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, kama ilivyorekebishwa kwa Sheria Na. 18 ya 2007, ili uajiri upite sehemu moja kwa ushindani. Unaomba kwenye portal bila kulipa chochote, unafanya usaili wa mchujo, wa vitendo kama upo, na wa mahojiano. Ukifaulu nafasi zikajaa, jina linakaa kwenye kanzidata. Anwani ya Sekretarieti kwenye matangazo yake ni Jengo la Dkt. Asha-Rose Migiro, Chuo Kikuu cha Dodoma. Yaani tunaishi nayo kiwanja kimoja. Wapo wanaodhani ujirani huo ni bahati, wanawasaka watumishi wake mtandaoni na kuwaandikia inboksi. Unamweka mtumishi wa watu pabaya, na wewe mwenyewe unajitia doa. Muda huo kapige mapitio ya maswali ya mchujo na mwenzako aliyewahi kuufanya. Huo nao ni mtandao, tena halali.

Ushuhuda una nafasi zaidi kwingine: kampuni binafsi, mashirika, miradi ya muda, nafasi za kujitolea, mafunzo ya uzoefu kazini yanayoratibiwa na TaESA, kazi za kukusanya data za watafiti. Humo ndimo swali la "unamfahamu?" linaulizwa kila siku, na mara nyingi bila ubaya wowote.

Kwa nini mwajiri anauliza

Wenzangu wa rasilimali watu, sehemu hii ni yenu.

Kuna kurasa za ajira zenye wafuasi makumi ya elfu. Nyingi zilikua kwa mbinu ileile ya mkupuo: zinafoloo wanafunzi wa kila chuo, wanarudisha, namba inapanda, matangazo ya biashara yanaingia. Kama biashara ya matangazo, sawa. Kama njia ya kuajiri, angalia kinachotokea. Unarusha nafasi moja ya mtunza stoo kwa watu 60,000. Wanakuja waombaji mia tisa, na humo mna wanasheria, wauguzi, na mtu aliyetuma picha ya kitambulisho tu. Uko peke yako ofisini na una siku tatu. Ukisoma kila CV kwa dakika tano, hizo ni dakika 4,500, saa 75. Haiwezekani. Kwa hiyo unafanya nini? Unageuka kwenye grupu la maofisa wenzako unaandika: "Jamani, nani ana kijana mzuri wa stoo?"

Hapo ndipo kujuana kunaposhinda hata pale ambapo hakuna mla rushwa hata mmoja. Umati mkubwa usio na uhusiano unamrudisha mwajiri kwenye duara lake dogo. Wafuasi 60,000 walitakiwa kupanua mlango, wakaufunga.

Mwajiri mwenye mtandao wa kweli anafanya kazi isiyoonekana. Anakuja kuangalia mawasilisho ya miradi ya mwaka wa mwisho hata kama mwaka huu hana nafasi. Anamjua mhadhiri mmoja kwenye kila idara anayochukua watu, na anajua mhadhiri yupi husifia kila mtu. Baada ya usaili anawajibu waliokosa, sentensi mbili tu, na anaweka jina la aliyekuwa wa pili. Nafasi ikitokea tena, ana watu kumi wa kuwapigia, na kati yao wapo ambao hawana mjomba popote, ila alishawaona wakifanya kazi. Huyo amefanya haki zaidi kuliko mwenye tangazo la watu 60,000.

Jambo moja la kisheria, kwa haraka. Kukusanya CV za watu kwenye grupu la WhatsApp, na namba za NIDA zikionekana na kila mtu, si uzembe mdogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zilindwe. Na wewe mwombaji, ukiona "mwajiri" hana ofisi, anakufoloo yeye kwanza, na siku ya pili anataka hela ya fomu au ya vipimo vya afya, funga mazungumzo. Wanaotapeli wanapenda sana akaunti zinazokubali kila mtu.

Dodoma ilivyo

Nimesikia wanafunzi wakisema fursa ziko Dar, huku ni vumbi na upepo. Ingekuwa mwaka 2007 chuo kinaanzishwa, ningewaelewa. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi baada ya tangazo la 2016, jiografia ya kazi ilibadilika. Wizara ziko Mtumba. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Mamlaka ya Serikali Mtandao, Tume ya Madini, zote makao makuu yako hapa. Taasisi ya Jiolojia ipo hapa tangu zamani. TARI Makutupora wanatafiti zabibu umbali wa safari ya daladala. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko ndani ya eneo letu. Mwanafunzi wa takwimu, wa kompyuta, wa madini, wa kilimo, wa afya, kila mmoja ana ofisi kubwa ya fani yake jiji hilihili. Wenzetu wa St. John's, Mipango na CBE wanaishi kwenye bahati hiyohiyo.

Na watu wa umbali wa kati unao tayari. Wahesabu. Msimamizi wako wa field, na wale watatu wanne mliokaa nao chumba kimoja. Wahitimu wa idara yako wa miaka mitano ya nyuma. Mhadhiri aliyekusimamia utafiti. Kiongozi wa klabu mliyofanya naye tukio. Mtafiti uliyemfanyia kazi ya madodoso wiki mbili huko Kondoa. Mwanakwaya mwenzako, au muumini mwenzako wa msikitini, anayefanya kazi benki. Ukiorodhesha kwa uaminifu unafika 40 bila kumfoloo mtu mpya hata mmoja.

Mtandao wa kijamii kazi yake ni kuwaweka hao wasipoe. Usimpime mtu kwa alikokufuata. Na usiwaweke wote kwenye programu moja: Mei 2025 X ilipoacha kufunguka hapa nchini, kulikuwa na watu wenye maelfu ya wafuasi huko ambao hawakuwa na namba ya simu ya hata kumi kati yao.

Namna ya kuandika

Sasa kazi yenyewe. Ujumbe wa mkupuo tunaujua wote: "Habari boss, naomba nafasi ya kazi yoyote, nimemaliza degree." Anayeusoma hana pa kushika. Kazi yoyote ni ipi? Wewe ni nani? Na neno "boss" kwa mtu usiyemjua linasikika kama la kondakta anayeita abiria.

Jaribu hivi, kwa msimamizi wako wa zamani:

"Shikamoo Madam. Ni yule mwanafunzi wa Takwimu niliyekuwa field hapo kwenu Julai hadi Septemba, tulikaa chumba kimoja na Kaka wa masjala. Ile njia ya kusafisha data uliyonifundisha nimeitumia kwenye utafiti wangu, nimemaliza wiki iliyopita. Nimeona ni vyema nikupe taarifa na kukushukuru. Kazi njema, Madam."

Umeona kilichokosekana? Ombi. Ujumbe wa kwanza baada ya kimya usiwe na ombi. Unamkumbusha wewe ni nani kwa jambo aliloliona kwa macho yake, unamwambia alichokupa kimefika wapi, unamwacha aendelee na kazi zake. Atakujibu "Hongera mwanangu" au hatajibu. Vyote sawa.

Baada ya mwezi au miwili, ukiwa na swali dogo la kweli, uliza, na swali liwe la kujibika kwa dakika mbili: "Madam, kwa mtu wa fani yangu, bora nianze na programu ipi kati ya Stata na R kwa kazi za hapo ofisini?" Swali kama hilo linamheshimu. "Nisaidie kazi" linambebesha mzigo ambao pengine hana uwezo nao, na akishaona aibu ya kukukatalia, ataanza kukukwepa.

Kwa mtu usiyemfahamu kabisa, pitia kwa wa katikati. "Dada, nimeona mnafahamiana na Kaka wa Tume ya Madini. Naomba kama hutojali unitambulishe, nina swali moja kuhusu leseni za wachimbaji wadogo kwa ajili ya utafiti wangu." Dada akisita, usisukume. Kusita kwake ni jibu, na ana sababu zake. Akikubali, rudi umweleze mazungumzo yalikwendaje. Wengi wanasahau hatua hii, na ndiyo inayomfanya akutambulishe mara ya pili. LinkedIn ya bure inakupa maombi machache tu kwa mwezi unayoweza kuambatanisha na ujumbe, kwa hiyo hayo machache yatumie kwa watu uliowasoma kwanza.

Halafu kuna kutoa. Tunadhani mwanafunzi hana cha kutoa. Unacho. Umeona tangazo la zabuni au la mafunzo linalomfaa mtu wako, mtumie. Mhitimu wa idara yako anatafuta wasaidizi watatu wa kukusanya data, mletee watatu wanaoaminika, wala usimletee washikaji wako. Hapo na wewe umeulizwa "huyu unamfahamu?", na namna unavyojibu ndivyo utakavyojulikana. Ukimsemea mvivu kwa kuwa mlikula naye, neno lako limeisha thamani ofisi nzima.

Na ukikosea hesabu ya watu, usiogope kupunguza. Kama una 3,000 LinkedIn na unawajua 60, anza na hao 60. Andika majina kwenye daftari, siyo kwenye simu itakayoibiwa Jamatini. Mbele ya kila jina andika: tulikutana wapi, ameona kazi gani yangu, mara ya mwisho tumewasiliana lini. Jina ambalo safu ya pili iko tupu ni mfuasi tu. Mwache alivyo, hana ubaya.

Tukirudi kwenye wale wadhamini watatu. Chagua mmoja aliyekufundisha, mmoja aliyekuona ukifanya kazi, na mmoja aliyekuona ukishughulika na watu. Waombe ruhusa kabla ya kuandika namba zao, kila mmoja kivyake, na ikiwezekana kwa sauti. Ukiitwa usaili, wape taarifa siku hiyohiyo: nafasi gani, taasisi gani, na kitu gani kuhusu kazi yako ungependa wakikumbuke wakipigiwa. Watumie na CV uliyoipeleka. Na kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma maombi, pigia zile namba tatu uhakikishe zinapatikana, maana watu hubadili laini, na mhadhiri aliyekwenda masomoni nje mwaka jana bado anasomeka kwenye CV za watu kwa namba ambayo sasa ina mtu mwingine.